Nusu Kijiko kwa Pampu Nzima

Lucky Summer, Nairobi
Jumatano, 10 Desemba

Mpendwa dada yangu Mwelu,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini mko wazima wote hapo nyumbani, na kwamba goti la Mama limetulia na sasa anafika kanisani bila kupumzika kwenye lile jiwe la njia panda. Watoto nadhani wamefunga shule na wanakumalizia sukari. Yule ng'ombe mwekundu bado anatoa maziwa, au kiu imemkausha? Mimi mwili ni mzima. Mikono inabanduka ngozi kidogo, lakini hiyo ni kazi, nimeizoea. Kitu ambacho sijakizoea ni kukaa nikaamka nikakaa tena kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, na hivyo ndivyo nilivyo wiki ya tatu sasa.

Utashangaa kuona barua. Sijakuandikia tangu upate simu, na hata Matheka, nilipomwambia kuna bahasha ya kubeba kesho kwenye lori lake, aliniuliza kama nimeanza kuposa. Usishtuke, hakuna aliyekufa huku. Nimechagua karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yako unaiweka sauti ya nje kwa ajili ya sikio lako la kushoto, na nikikohoa huku, Mama na jirani na mpita njia wote wananipa pole. Ya pili, kwenye simu mdomo wangu unakimbia. Unaniuliza jambo, na kabla sijafikiri nimeshajibu, na jibu limeshatoka zuri kuliko ukweli. Kwenye karatasi nikikimbia nitaona, na nikifuta utaona nimefuta. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimewashia jiko.

Nataka ikufikie kabla ya Jumamosi. Ulisema Jumamosi asubuhi mwethya wanakaa kwa jirani yenu Koki kuamua kama Mzee Nyamai atatolewa kikundini. Nakuomba usiende kwenye kikao hicho kabla hujasoma hadi mwisho. Nakujua, Mwelu. Wewe ukipata barua unasoma salamu na jina la chini, halafu unaiweka kabatini ukisema umeelewa. Hii isome hadi mwisho.

Juzi nilijaribu kumweleza Jackton, ninayefanya naye kazi, kwa nini jambo la Nyamai linaninyima raha. Yeye ni mtu wa Siaya, hajui mwethya. Nikamwambia ni nyumba kumi na nne zinazolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, tangu babu zetu, na shamba letu lote limejengwa ngazi ngazi mlimani kwa mikono hiyo. Mtu akitolewa, ngazi ikibomoka analibeba kila jiwe peke yake. Akasema kwa mtu kijana hiyo si mbaya sana. Nikamwambia Nyamai ana miaka sabini na mbili. Jackton alikuwa anatafuna mahindi, akaacha kutafuna. Akaniuliza, huyo mzee alifanya nini kwani? Nikamwambia aliazima watu pampu. Akacheka akidhani ninamfanyia mzaha.

Sasa nikueleze mambo tangu mwanzo, maana mengine uliyasikia nusu na mengine uliyasikia jinsi nilivyopenda uyasikie.

Unajua ninafanya kazi kwenye godauni moja huku upande wa Baba Dogo, ambako wanatengeneza mbolea ya maji ya kunyunyiza kwenye majani. Yule anayejua kuichanganya ni dada mmoja anaitwa Lorraine. Amesomea kemia, lakini hana maringo. Wakati wa chakula anakaa nasi kwenye mapipa yaliyopinduliwa na tukimuuliza anatueleza. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba jani lina vinywa vidogo visivyoonekana, kwamba asubuhi na mapema vinywa hivyo viko wazi, na jua likikaza vinafumba. Ardhi ikikauka, mizizi haiwezi tena kunyonya chumvi zake hata kama zimo udongoni, kwa sababu chumvi hupanda na maji. Hapo ndipo unapolipitishia jani chakula moja kwa moja. Potashi inasaidia jani kufumba vinywa vyake vizuri lisipoteze maji, na zile chumvi nyingine zinalipa nguvu ya kungoja. Jackton alimuuliza kama basi dawa hiyo ni mvua ya chupa. Lorraine akamwambia hapana, na akalirudia sana: haileti maji. Inausaidia mmea kuyashika maji machache uliyo nayo, wiki mbili, pengine tatu, mpaka mvua irudi. Mvua isiporudi kabisa, hakuna chupa itakayokuokoa.

Hayo niliyashika vizuri, na ndiyo niliyokueleza kwenye simu mwezi wa Oktoba mlipopanda viazi. Nikakwambia pia habari ya sukuma wiki wangu, na hiyo nayo ni kweli tupu. Hapa kila Ijumaa tunasuuza mapipa, na yale maji ya kusuuza tunaruhusiwa kubeba. Ni maji mepesi, yana rangi kidogo tu. Mimi nilikuwa nayanyunyizia sukuma wiki niliyopanda kwenye gunia hapa mlangoni kwa chupa ya soda niliyoitoboa kifuniko. Mwezi wa Januari mifereji ilikauka wiki tatu nzima, katika plot yetu ya vyumba vya kupanga majani yote yalilala kama nguo mbovu, na gunia langu likasimama. Mama Rispa wa chumba cha pili akawa anapita akisema mganga wangu amfundishe. Nilifurahi sana, Mwelu. Sijui kama utaelewa. Miaka tisa nimekaa mji huu na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya mtu akasimama kukitazama.

Kisha mvua yenu ikakatika katikati ya Novemba, viazi vikiwa vimeanza kufanya vichwa chini. Ukanipigia ukasema mchana majani yanalala, jioni yanaamka, na kila siku yanaamka kwa uvivu zaidi. Ukasema mwethya wamekubaliana wajaribu dawa yangu, waanze kwako kwa sababu mimi ni wa kwako, wafuate kwa Nyamai kwa sababu pampu ni yake, halafu waendelee nyumba kwa nyumba. Ukasema, na hapo nilisikia unajivuna, kwamba Koki ameuliza mbele ya watu, "Kwani huyo Munyao ni nani huko Nairobi?" nawe ukamjibu, "Ni fundi wa dawa." Nilikuacha uniite hivyo. Nilitakiwa kukukatiza hapo hapo.

Mtungi niliompa Matheka ulifika. Mlinyunyiza Alhamisi, tarehe ishirini, mlianza kabla jua halijatoka kama nilivyowaelekeza, vifuniko viwili vya mtungi kwa kila pampu ya lita ishirini. Ngazi tano za juu mkazimaliza kwa pampu sita. Jumamosi ncha za majani zilikuwa zimekauka. Jumapili ukanipigia ukilia kwamba ngazi zote tano zimeungua, kahawia, kama mtu amepita na moto, na ukivunja jani linasagika mkononi kama tumbaku.

Na wewe ukasema ni pampu. Kwamba Nyamai alikuwa ameitumia mwezi uliopita kwa dawa ya magugu kwenye njia ya mbuzi, na mabaki yamebaki ndani. Koki akawaambia wengine, na kabla ya ibada kwisha jambo lilikuwa limeshazunguka mlima mzima. Nyamai akaapa kwamba aliiosha mara tatu, na sabuni, kama anavyofanya siku zote. Koki akamwambia aipeleke pampu yake ikanyunyizie nyoka. Siku waliyopaswa kwenda kwake hakuna aliyekwenda. Ulinisimulia kwamba alisimama kwenye ngazi yake ya kwanza tangu alfajiri, mtungi wa maji kando yake, kofia kichwani, na saa tatu akaingia ndani akafunga mlango. Ulinisimulia hilo ukicheka. Sikulaumu, ulikuwa umepoteza viazi. Lakini tangu siku hiyo, nikifumba macho namwona na ile kofia yake.

Mwelu, pampu haina kosa. Nitakuonyesha kwanza jinsi wewe mwenyewe ungeweza kujua, kisha nitakwambia jinsi nilivyojua mimi.

Jumatano iliyopita ulinipigia kuhusu dawa ya goti la Mama, na katikati ya maneno ukasema jambo ukapita. Ulisema ajabu ni kwamba ile ngazi ya chini kabisa, ile ya karibu na mgomba, viazi vyake vimesimama vinawatazama kama vimenyeshewa peke yao. Nikakuuliza kwani ile hamkunyunyiza? Ukasema mlinyunyiza, ila si kwa dawa. Baada ya pampu ya sita uliiosha ili uirudishe, kwa sababu Nyamai hapokei pampu chafu, anaifungua na kuinusa mbele yako. Yale maji ya kuoshea ukaona ni dhambi kuyamwaga wakati huu wa ukame. Ukayapiga kwenye ngazi ya chini.

Nilikuwa nimesimama uani, simu sikioni, na hapo nikaelewa. Fikiria mwenyewe. Pampu ni ile ile. Asubuhi ni ile ile. Kama ndani kulikuwa na dawa ya magugu, ngazi ya chini ingekuwa nayo imedhoofika, si kusimama kijani kuliko shamba lote la jirani. Kilichobadilika ni kimoja tu. Ngazi za juu zilipata dawa yangu nzito, na ya chini ikapata dawa yangu nyepesi, maji ya kusuuza, kama gunia langu la sukuma wiki. Uliiokoa ngazi hiyo kwa ubahili wako, na kwa sababu mzee mmoja anapenda vyombo safi.

Sasa la kwangu.

Mimi si fundi wa dawa, dada. Mimi ninaosha mapipa. Nikimaliza kuosha ninabeba katoni kwenye lori, na siku ambayo hakuna lori ninabandika karatasi kwenye chupa. Sijawahi kuchanganya chochote. Niliishia darasa la saba na unajua niliishia vipi. Ile sauti niliyokuwa nikiitumia kukueleza mambo ya vinywa vya majani ni sauti ya Lorraine, nimeikopa tu.

Ulipoomba dawa, nilitakiwa kukutumia maji ya kusuuza. Ndiyo yaliyokuwa haki yangu kubeba, na ndiyo niliyoyajua kwa macho yangu. Lakini niliona aibu. Niliona fundi wa dawa hawezi kutuma maji machafu ya kuoshea mapipa kwa watu wa nyumba kumi na nne waliokaa wanasubiri. Nilitaka Koki afungue mtungi aone kitu. Hapa godauni kuna pipa moja la bluu tunaloliita mama. Ndani yake ni dawa kabla haijatiwa maji, lita moja ya hiyo inatengeneza lita ishirini za kuuzwa. Lorraine alishatuambia zaidi ya mara moja kwamba mama haigusi jani. Nilichota lita tano kutoka kwa mama, Ijumaa, wenzangu wakiwa wameenda kunawa. Nikachukua karatasi ya chupa ya dukani nikaibandika kwenye mtungi, imenyooka vizuri sana, maana hiyo kazi ninaiweza. Kipimo kilichoandikwa hapo, cha vifuniko viwili, ni cha dawa ya dukani. Mliweka mara ishirini ya kile jani linachoweza kubeba. Chumvi nyingi hivyo inalinyonya jani maji badala ya kulipa. Wakati wa kiu, Mwelu. Niliwatumia kiu ndani ya mtungi.

Utasema labda sikujua. Nimejaribu kulisema hilo hata mimi. Zile karatasi tatu nilizochoma zilikuwa zinasema sikujua. Nilijua nusu. Nilijua mama ni nzito, nikajiambia nitakwambia upunguze, kisha nikaona nikikwambia upunguze utaniuliza kwa nini karatasi inasema vingine, na hapo ningelazimika kusema nimeitoa wapi. Nikanyamaza nikitumaini. Halafu asubuhi ile ya Alhamisi ulinipigia kabla hamjaanza. Unakumbuka? Ulisema dawa ni nzito kama uji na inawasha puani, na Nyamai anasema haijakaa kama dawa ya majani anayoijua, tungoje kidogo tumuulize Munyao. Nyamai ndiye aliyesema tungoje. Mimi nilikuwa langoni na wenzangu, na Jackton, ambaye viazi huviita waru kama watu wa huku, kwa sauti kubwa anawaambia, "Nyamazeni, Daktari wa Waru anatibu!" Wote wakacheka, nami nikacheka, nikakujibu, "Ndivyo ilivyo dawa ya kweli, ninyi mmezoea maji." Ninaweza kukuonyesha mahali niliposimama.

Na bado hilo silo kubwa. Kubwa ni hili, nami nakuomba ukifika hapa uketi.

Ile Jumapili uliyonipigia ukilia, hukusema ni pampu. Umeshasahau, kwa sababu ulikuwa na uchungu, na leo unaamini wazo lilikuwa lako. Lakini mimi nakumbuka kila neno. Ulisema, "Munyao, dawa yako imetuua." Ulisema hivyo, dawa yako. Ukangoja nikujibu. Nami nilijua tayari ni nini, nilijua kama ninavyojua jina langu. Na mdomo wangu ukakimbia. Nikakuuliza polepole, kwa ile sauti ya kuazima, "Hebu niambie, hiyo pampu ya Nyamai ilitumika kwa nini mara ya mwisho?"

Basi. Sikumshtaki. Niliuliza swali moja tu, kama daktari. Wewe ukasema ngoja, ukamuuliza Mama, Mama akasema alimwona mwezi wa Oktoba akinyunyizia magugu kwenye njia ya mbuzi. Na simu ilikuwa sauti ya nje, na Koki alikuwa ameketi hapo hapo kukupa pole. Nilisikia sauti yake akisema, "Aa! Kumbe!" Nikasikia kiti kikisukumwa. Ningeweza kusema chochote hapo. Nilisema, "Mimi sisemi kitu, nauliza tu."

Tangu siku hiyo, dada, kila ninaposugua pipa nasikia kile kiti.

Jana asubuhi nilimwendea Lorraine. Sikutaka kukuandikia kwamba pampu haina kosa halafu nisiweze kukwambia mfanye nini na dawa iliyobaki, na kipimo chake sikukijua. Nikamweleza yote, hata la pipa la bluu. Alinisikiliza akiwa amesimama na kalamu mdomoni. Hakunikemea. Alianza kuniuliza maswali kana kwamba mimi ni mgonjwa: majani yameungua yote au kando tu, shina bado ni kijani, ukifukua vichwa vina ukubwa gani, ile ngazi ya chini iko siku ya ngapi. Nikajibu nilichoweza. Akachora hesabu kwenye katoni. Kisha akasema kwamba anasikitika, lakini jambo la pipa hawezi kulificha, atamwambia msimamizi. Nikamwambia amwambie. Kesho saa nne nimeitwa ofisini, na Jackton, ambaye hajui kunyamaza, leo ameacha kuniita Daktari. Ananiita Munyao, kwa adabu, kama mtu aliyefiwa. Nadhani kazi imekwisha. Usimwambie Mama hilo kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Haya ndiyo Lorraine aliyosema mfanye, nami nayaandika polepole. Mtungi ufunikwe vizuri, watoto wasiuguse, na ile karatasi niliyobandika uikwangue yote. Kipimo ni nusu kijiko cha chai kwa pampu nzima ya lita ishirini. Nusu. Tia maji kwanza, nusu pampu, ndipo dawa, ndipo ujaze. Maji yawe ya kisima cha juu, yale ya chini yana chumvi. Mnyunyize kabla jua halijatoka, majani yalowe bila kuchuruzika, na msirudie kabla ya siku kumi. Ngazi zako tano zisinyunyizwe tena. Vuna vichwa vilivyomo hata kama ni vidogo, shina lisipokuwa na majani halitaongeza kitu. Ngazi ya chini irudie mara moja tu. Ndani ya bahasha nimeweka kijiko cha plastiki chenye mstari mwekundu. Lorraine mwenyewe ndiye aliyekipima na kukichora, si mimi, kwa hiyo kiamini.

Viazi vya Nyamai vilikuwa wiki moja nyuma ya vyako, na hakuna aliyevigusa, wala kwa wema wala kwa ubaya. Ukisema majani yake bado yanaamka jioni, basi muda upo. Kama Jumamosi mwethya watakaa kwa Koki kumjadili, asubuhi itapita na jua litafumba yale majani. Waende kwake kwanza, gizagiza, na kijiko. Wakae baadaye.

Na barua hii isomwe pale, yote, na sehemu ya kiti pia. Usiisome wewe, utarukaruka kwa kunihurumia. Wala usimpe Koki, ataongeza. Mpe Nyamai mwenyewe. Macho yake ni mazima, mwaka jana alinisomea namba za gari la Matheka kutoka ng'ambo ya bonde. Asome kwa sauti, na akitaka kuacha mahali popote aache, ni haki yake. Kama watu wataamua nyumba yetu ndiyo itolewe mwethya, usibishane nao, Mwelu. Waambie ni mimi nitolewe, wewe ulinyunyiza ulichopewa na ndugu yako.

Mimi ninakuja. Matheka anarudi tena huko Jumamosi, tutafika kama saa sita mchana. Ningeweza kupanda naye kesho pamoja na barua hii, lakini ofisini nimeitwa na sitaki kuonekana nimetoroka. Na hata kama ningeweza, nisingetaka kufika kabla yake. Nikifika kabla nitaongea, na nikiongea nitaongea vizuri, unanijua. Nataka nikute mmeshasikia. Asiponisalimia mtu, nitachukua jembe nianze na ngazi zako zilizoungua. Na ile pampu, siku ya duru ya pili, nitaibeba mimi mgongoni nyumba zote kumi na nne, na nitaiosha mara tatu, na Nyamai ataifungua ainuse mbele yangu.

Nisalimie Mama, mwambie mafuta ya kuchua goti nimeyapata na nitakuja nayo. Wasalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie sijasahau ahadi ya mpira. Salamu kwa Koki, hata yeye. Kwa Mzee Nyamai sitoi salamu kwa karatasi. Hiyo nitaileta kwa miguu yangu.

Wako mdogo wako,

Munyao,
mwosha mapipa.